Kuzidisha Polinomia kwa Kiswahili: Tuliyoyaona Rusizi

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyefundisha mbali na pwani amewahi kuulizwa swali hili, ama kwa upole ama kwa kejeli: je, lugha hii yaweza kubeba elimu, au ni lugha ya soko na safari tu? Aghalabu sisi walimu hujibu kwa kuorodhesha tenzi, mashairi na riwaya. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimtoshi muulizaji, kwa kuwa yeye hakuuliza habari za ushairi. Aliuliza habari za hesabu. Kwa hiyo katika makala haya tumeazimia kumjibu pale pale alipouliza, na tumechagua somo ambalo wanafunzi wengi huliona kama ukuta: kuzidisha polinomia, yaani kazi ya kuchukua mabano mawili yenye herufi na namba ndani yake na kuyageuza kuwa usemi mmoja.

Tutakayoyasema tuliyaona wenyewe wilayani Rusizi, katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, sehemu ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa katika mkoa wa Cyangugu. Asiyeifika aichukulie hivi: mji wa Kamembe uko juu kilimani; mji wa kale wa Cyangugu uko chini, ufukweni mwa Ziwa Kivu; na ng'ambo ya pili, karibu kiasi cha kuhesabu mabati ya nyumba, ni mji wa Bukavu katika Kongo. Kati ya miji hiyo unatoka mto Rusizi, unaoyachukua maji ya Ziwa Kivu na kuyateremsha hadi Ziwa Tanganyika. Kusini zaidi liko bonde la Bugarama, lenye joto na mpunga, karibu na mahali zinapokutana nchi tatu: Rwanda, Burundi na Kongo.

Katika nchi ya namna hiyo Kiswahili hakikuja kwa kitabu. Kilikuja kwa miguu, na mizigo kichwani. Mtoto wa Rusizi huzaliwa katika Kinyarwanda. Husikia Kiswahili cha Bukavu sokoni, chenye *batoto* na *batu* wake. Huwasikia wazee wakitia maneno ya Kifaransa, kwa kuwa wengi wao walisoma kwa lugha hiyo. Kisha darasani hufundishwa kwa Kiingereza, kwa uamuzi wa serikali wa mwaka 2008. Mwaka 2017 sheria ya nchi ilikifanya Kiswahili nacho kuwa lugha rasmi. Basi mtoto huyo ana lugha nne mkononi, na bado yawezekana asiwe na hata moja ya kumwelewesha kwa nini (x + 3)² si sawa na x² + 9.

Mmoja wa watoto hao ndiye aliyetuingiza katika jambo hili. Alikuwa binti wa mwaka wa tatu wa sekondari, hodari wa insha katika chama chetu cha Kiswahili shuleni. Mwaka ule ulikuwa wa mtihani wa taifa, na baada yake kila mwanafunzi huchagua mchepuo wa masomo ya kuendelea nayo. Binti huyu alitaka kusomea uuguzi, lakini alikuwa ameamua kuchagua mchepuo wowote usiokuwa na hisabati ndani yake. Tulipomwuliza sababu alitujibu kwa sentensi fupi: "Mwalimu, mabano hayanitaki."

Hatukuwa walimu wa hisabati, wala hatukudai kuwa. Tulimwendea mwenzetu afundishaye somo hilo, naye akakubali kukaa nasi kila Alhamisi jioni kwa muhula mmoja, pamoja na wanafunzi kumi na wanne waliopenda kuja. Sharti lilikuwa moja: kila kitu kisemwe kwa Kiswahili mpaka Kiswahili kishindwe. Mwenzetu hakuficha shaka yake. Alisema Kiswahili alichokijua yeye kilimtosha kununulia viazi na kuulizia nauli, basi. Tulimshukuru kwa ukweli wake, maana mashaka yaliyosemwa wazi ni mepesi kuyapima.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa jina lenyewe. Mwanafunzi mmoja alitaka tubuni neno letu, akisema kwamba "polinomia" ni neno la kuazima. Tuliwaeleza asili yake: sehemu ya kwanza ni ya Kigiriki, na maana yake ni "nyingi", sehemu ya pili hurejeshwa kwenye neno la Kilatini lenye maana ya "jina". Kumbe hata huko Ulaya ni neno la machotara! Kisha tuliwauliza wahesabu kuanzia moja hadi kumi kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, sambamba. Waliposema *umunani* na nane, *icumi* na kumi, walitabasamu, kwa sababu undugu unasikika. Walipofika *gatandatu* na sita, *karindwi* na saba, *icyenda* na tisa, wakaona kwamba hapo Kiswahili kiliazima kutoka Kiarabu. Je, mtu wa Mombasa huhesabu vibaya kwa sababu sita, saba na tisa zilikuja kwa jahazi? Hoja ikaisha. Neno polinomia likabaki, likapewa kiti.

Maneno mengine hatukuyabuni, kwani yalikwisha kutengenezwa. Tanzania imefundisha shule za msingi kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na katika miaka hiyo yote hisabati imejipatia msamiati wake: mabano, zao, kipeo, kipeuo, namba chanya na namba hasi, mlinganyo, kurahisisha. Wanafunzi wetu walilipenda zaidi neno MAGAZIJUTO, ambalo watoto wa Tanzania hulikariri ili wasisahau mpango wa kazi: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Kwa kila sehemu ya polinomia inayotenganishwa na nyingine kwa alama ya kujumlisha au ya kutoa, sisi tulitumia neno la kawaida tu: kipande. Hivyo x² + 8x + 15 ina vipande vitatu.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Tulianzia Bugarama, kwa kuwa wanafunzi watatu walitoka huko na wazazi wao hulima mpunga. Shamba la mpunga hugawanywa kwa matuta madogo yanayozuia maji, na kila sehemu iliyozungushiwa tuta huitwa jaruba. Tuliwaambia wachore shamba la mstatili ambalo urefu wake ni x na nyongeza ya hatua 5, na upana wake ni x na nyongeza ya hatua 3. Hatujui x ni hatua ngapi. Mwenye shamba hajatuambia. Wakapiga tuta moja kwa urefu pale nyongeza ya upana inapoanza, na tuta jingine kwa upana pale nyongeza ya urefu inapoanza. Yakatokea majaruba manne. La kwanza ni mraba wa x kwa x, yaani x². La pili ni 5 kwa x, yaani 5x. La tatu ni x kwa 3, yaani 3x. La nne, lile dogo la pembeni, ni 5 kwa 3, yaani 15. Shamba ni moja, na eneo lake ni jumla ya majaruba yote:

(x + 5)(x + 3) = x² + 5x + 3x + 15 = x² + 8x + 15

Mwenzetu wa hisabati akawataka waijaribu kwa namba. Tuseme mwenye shamba amekuja, akasema x ni 10. Shamba ni hatua 15 kwa 13, na zao lake ni 195. Upande wa pili nao: 100 na 80 na 15, jumla 195. Ndipo mvulana mmoja aliyekaa nyuma akasema jambo ambalo hatukulipanga: kwamba hivyo ndivyo alivyofundishwa kuzidisha 15 kwa 13 tangu shule ya msingi, makumi kwa makumi, makumi kwa mamoja, mamoja kwa mamoja. Alikuwa amesema kweli. Mtu anayezidisha namba za tarakimu mbili huwa anazidisha polinomia bila kujua, ila x yake daima ni 10.

Katika shamba hilo kosa la (x + 3)² nalo linaonekana kwa macho. Anayeandika x² + 9 amelipa mpunga wa jaruba kubwa la mraba na wa jaruba dogo la pembeni, akasahau majaruba mawili ya katikati, kila moja likiwa 3x. Jibu kamili ni x² + 6x + 9. Kwa x iliyo 10, 13 mara 13 ni 169, si 109. Zile 60 zilizopotea ndizo 6x. "Kwa hiyo tumelima bure," akasema binti wa Bugarama, na darasa likacheka. Lakini hakuna aliyeyasahau tena majaruba ya katikati.

Siku iliyofuata tulitafuta kitenzi. Kanuni inayofanya kazi hapa ni kwamba kila kipande cha mabano ya kwanza hupelekwa kwa kila kipande cha mabano ya pili, pasibaki hata kimoja ambacho hakikufikiwa. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa sana: kusambaza. Tulipokiandika ubaoni wanafunzi waliangua kicheko, nasi tukakumbuka mahali tulipo. Kivuni kuna samaki wadogo wa fedha wanaovuliwa usiku kwa taa, kutoka mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Walitolewa Ziwa Tanganyika wakapandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na watu wa Bukavu huwaita sambaza. Watu wa Rwanda, *isambaza*. Hatujengi hoja ya asili ya maneno juu ya mfanano huo. Tuliutumia kama ndoano ya kumbukumbu, nayo ilinasa: mwanafunzi wa Rusizi akiona mabano mawili humwona samaki, na akimwona samaki hukumbuka kusambaza.

Tuliongeza mfano wa posa. Familia ya mwanamume imekuja kwa familia ya binti. Kila mgeni atamshika mkono kila mwenyeji. Hakuna anayempa mkono ndugu yake aliyekuja naye. Wageni wakiwa watatu na wenyeji wawili, mikono itakayoshikwa ni sita. Vivyo hivyo, mabano ya vipande vitatu yakizidishwa na ya vipande viwili hutoa mazao sita kabla ya kurahisisha. Anayepata matano ajue kuna mgeni ambaye hakusalimiwa, na aibu hiyo si ndogo.

Baada ya kusambaza hufuata kukusanya vipande vya namna moja, na hapa mwalimu wa Kiswahili yuko nyumbani kwake. Kwa nini 5x na 3x huungana kuwa 8x, ilhali 5x na 3x² hukataa kuungana? Tuliwaandikia ubaoni *mtu* na *mti*. Maneno hayo yanafanana mwanzo wake, lakini uyatie katika wingi uone: watu, miti. Kila moja lina ngeli yake, na upatanisho wa moja haulifai jingine. Basi x na x² zina herufi moja lakini hazina ngeli moja. Kipeo ndicho kinachoonyesha ngeli. Watu watano na watu watatu ni watu wanane. Watu watano na miti mitatu watabaki watu watano na miti mitatu, hata ukikaa nao hadi jua lizame. Wanafunzi waliokuwa wakiandika 5x + 3x² = 8x³ waliacha kosa hilo, na kubwa zaidi, waliweza kulieleza kosa hilo kwa wenzao.

Likabaki suala gumu la alama. Kwa nini hasi ikizidishwa na hasi huwa chanya? Tulianza tena na lugha. Ukisema "hakuna asiyejua", una makanusho mawili, na maana yake ni kwamba kila mtu anajua. Wanafunzi walitaja mifano mingine kwa furaha. Hapo mwenzetu wa hisabati akatuzuia, na alifanya vyema. Alisema mfano wa lugha husaidia kukumbuka lakini hauthibitishi. Zipo lugha duniani ambazo makanusho mawili hubaki kanusho. Akaandika 9 mara 9, ambayo kila mtoto anajua ni 81. Kisha akaandika 9 kama 10 − 1:

(10 − 1)(10 − 1) = 100 − 10 − 10 + ?

Mia moja ukitoa kumi, ukatoa kumi tena, hubaki 80. Ili tufike 81 hatuna budi kuongeza 1. Basi hasi moja mara hasi moja ni chanya moja. Si kwa sababu mwalimu ametaka, bali kwa sababu hesabu tuliyokwisha kuijua haikubali jibu jingine. Tulipenda sana kuona kitenzi "haikubali" kikifanya kazi ya uthibitisho.

Mfano huo wa 10 kasoro 1 una ukoo mrefu. Unapatikana katika kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mtaalamu wa Baghdad wa zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Ni katika jina la kitabu hicho ndimo lilimotoka neno aljebra: *al-jabr*, maana yake kurejesha au kuunga kilichovunjika. Shina lake ndilo shina la neno letu "jabari". Na katika kitabu hicho hamna x hata moja. Hamna alama ya kujumlisha wala ya kutoa. Kila kitu kimeelezwa kwa maneno matupu, kama mtu anayemweleza jirani yake namna ya kugawa urithi. Na kwa hakika sehemu kubwa ya kitabu hicho ni ya mambo ya mirathi. Kisichojulikana kinaitwa "kitu" au "mzizi". Kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe kinaitwa *mal*, neno lile lile tunalolitumia sisi tusemapo mali. Na namba ya kawaida ni dirhamu. Hivyo usemi wetu x² + 8x + 15, kwa mtindo wake, ungesomwa: mali, na mizizi minane, na dirhamu kumi na tano. Ni sentensi gani ya Kiswahili iliyo nyepesi kuliko hiyo?

Waliomfuata walipanua kazi hiyo. Al-Karaji, aliyefanya kazi Baghdad kati ya mwisho wa karne ya 10 na mwanzo wa karne ya 11, alishughulikia vipeo vya juu zaidi na mazao yake. Katika karne ya 12 al-Samaw'al alizipanga polinomia katika jedwali, kila kipeo na safu yake, akazifanyia hesabu kama zifanyiwavyo namba za kawaida. Jambo lile lile alilolisema mvulana wetu wa nyuma alipoona 15 mara 13. Herufi na alama zilikuja baadaye sana: François Viète wa Ufaransa alianza kuzitumia herufi kwa utaratibu mwaka 1591, na René Descartes katika kitabu chake cha mwaka 1637 ndiye aliyetuzoeza x na namna ya kuandika vipeo juu ya herufi. Kwa hiyo anayesema kwamba lugha fulani haiwezi aljebra kwa sababu ni lugha ya watu wa kawaida, amesahau kwamba aljebra yenyewe ilizaliwa katika maneno ya watu wa kawaida, wenye mali, madeni na warithi.

Tuliwasomea wanafunzi habari hizo siku ya Alhamisi moja ya mvua. Wiki iliyofuata, binti yule wa insha alikuja na hesabu aliyoitoa nyumbani. Mama yake huuza sambaza wakavu katika soko la Kamembe. Alikuwa amemwuliza mama: ukiwa na mafungu 20 kwa faranga 500 kila fungu, kisha kesho ukaongeza mafungu 5 na kupandisha bei kwa faranga 100, utapata ngapi? Mama alimjibu bila kalamu: yale ya jana ni 10,000; bei iliyopanda juu ya yale ya jana ni 2,000; mafungu mapya kwa bei ya jana ni 2,500; na mafungu mapya kwa ile nyongeza ni 500. Jumla 15,000. Binti akamwonyesha kwamba amezidisha mabano mawili, (20 + 5)(500 + 100), na kwamba wanafunzi wengi wangeandika 10,000 na 500 tu. Mama akashangaa: "Na hizo elfu nne na mia tano wamemwachia nani?" Kisha akauliza kama kweli ni hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikimliza mwanawe usiku.

Tungependa ndugu wasomaji walizingatie swali la mama huyo. Majaruba ya katikati, ambayo kwa mwanafunzi ni kosa la alama mbili za mtihani, kwa mfanyabiashara ni mtaji. Mama hakusoma aljebra, lakini alikuwa nayo, na alikuwa nayo katika lugha ya soko. Lile tulilokuwa tukiambiwa kuwa ni udhaifu wa Kiswahili, yaani kwamba ni lugha ya soko, ndilo lililotupa mlango.

Mwisho wa muhula tulifanya zoezi la kufungia. Mwenzetu aliandika (x² + 2x + 4)(x − 2), akawataka kwanza waseme ni mikono mingapi itashikwa. Sita, wakajibu. Wakasambaza: x³, −2x², 2x², −4x, 4x, −8. Wakakusanya kwa ngeli. Vipande viwili vya x² vikafutana. Vipande viwili vya x navyo vikafutana. Wakabaki na x³ − 8. Kulikuwa na ukimya, kwa sababu walidhani wamekosea: wageni na wenyeji wameshikana mikono mara sita, na waliobaki ukumbini ni wawili tu! Binti yule akatia 10 mahali pa x. Mabano ya kwanza yakawa 124, ya pili 8, zao 992. Upande wa pili, 1,000 ukitoa 8, ni 992. Hakusubiri mwalimu amwambie kwamba yuko sawa. Kwetu sisi hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko jibu lenyewe.

Hatutaki kutia chumvi. Mtihani wa taifa uliandikwa kwa Kiingereza, na ilitubidi tutenge Alhamisi mbili za mwisho kuyavusha maneno yetu hadi lugha hiyo, moja baada ya jingine. Aidha, wanafunzi wawili waliotoka vijiji vya milimani, wasiosikia Kiswahili nyumbani wala sokoni, hawakufaidika kama wenzao. Kwao Kiswahili kilikuwa mto mwingine wa kuvuka. Hao mwenzetu aliwaeleza kwa Kinyarwanda, ambamo kuzidisha ni *gukuba*, nao wakaelewa. Na hatukuona kwamba Kiswahili kimevunjiwa heshima. Lugha ya kumwelewesha mtoto ni ile aliyo nayo. Palipo na Kiswahili mdomoni mwake, kitumike. Pasipokuwapo, kisitwishwe mzigo wa kumkwamisha. Binti yule alichagua mchepuo wenye hisabati ndani yake. Kama atafika katika uuguzi, hilo litategemea mengi yaliyo nje ya mabano.

Mwenzetu naye hakugeuka kuwa mshairi wa Kiswahili. Aliendelea kuchanganya ngeli, akisema "mabano mbili" mbele ya darasa, nasi tulimwacha amalize sentensi. Lakini alipoulizwa katika mkutano wa walimu kama Kiswahili chaweza kufundishia aljebra, alijibu kwamba swali limekuja limechelewa, kwa kuwa ameshakifanya.

Tunamalizia kwa pendekezo kwa walimu wenzetu, hasa walio mipakani. Somo letu la istilahi mara nyingi huwa orodha ya maneno ambayo mwanafunzi huyakariri na kuyasahau. Yafaa tuyatie maneno hayo kazini. Mchukueni mwalimu mmoja wa hisabati, mabano mawili, na saa moja ya jioni. Mwanafunzi aandike insha ya kurasa mbili akieleza kwa Kiswahili sanifu, bila kutumia x, namna ya kuzidisha 10 kasoro 1 kwa 10 kasoro 2, na kwa nini kipande cha mwisho ni 2 ya kuongeza wala si ya kutoa. Akiweza kuandika hivyo hata asiyejua hesabu akamwelewa, atakuwa amefaulu masomo mawili kwa insha moja. Na yule anayeuliza kama Kiswahili chabeba elimu, apewe insha hiyo aisahihishe.